Kabla hujaukata huo mzizi, chimba kwanza uone

Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha la chumba cha Baba, mwembamba kama unywele, nikauona nikafuta vumbi nikaendelea na mambo yangu. Kiangazi kilipokolea ukawa unaingiza ukucha, wiki chache mbele ukawa unaingiza sarafu, na ulikuwa umekaa mshazari, unapanda kutoka kona ya dirisha kwenda juu kwenye kona ya nyumba, kule juu mpana huku chini mwembamba. Ukitoka nje upande huohuo unakutana na mkuyu wetu, mita 4.4 kutoka ukutani (nimepima baadaye, wakati ule nilijua tu kwamba uko karibu), na mzizi wake mmoja mnene kama paja la mtu mzima umejitokeza juu ya ardhi, umenyooka kuelekea ukuta uleule wenye ufa. Sasa hapo mtu unamlaumu nani?

Nikamwita fundi. Akatazama mzizi, akatazama ufa, hata dakika tano hazijaisha akaniambia, "Dada, hapa hakuna cha kuuliza, mzizi umeshapita chini ya msingi unainyanyua nyumba, tuukate hapahapa ukutani, na kama unataka kulala kwa amani tuushushe mti mzima." Nikamwambia sawa, aje Jumamosi na chenso. Nasema kweli nilishakubali, yaani mti ambao nimecheza chini yake toka mdogo niliuhukumu kwa dakika tano kwa sababu ya mzizi mmoja unaoonekana.

Jioni nikamweleza Baba. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Mmechimba mkauona huo mzizi chini ya msingi?" Nikamjibu hapana Baba, lakini si unaonekana unakoelekea. Akasema, "Mwanangu, mnachokiona ni mgongo wake tu. Chimbeni muone unakokwenda ndo mseme." Nikampigia fundi nikaahirisha.

Naandika haya kwa ajili ya mtu yeyote ambaye saa hizi kasimama uani anatazama mzizi mkubwa umeelekea nyumbani kwake na anatafuta namba ya mtu wa kukata. Subiri kwanza, nikueleze nilichokikuta.

Kwanza picha niliyokuwa nayo kichwani kuhusu mizizi haikuwa sahihi kabisa. Mi nilidhani mti ulivyo juu ndo ulivyo na chini, kwamba kuna mzizi mkuu unashuka mita na mita halafu mingine inaufuata. Mti mchanga huo mzizi mkuu unakuwa nao, ila ukishakomaa mara nyingi unakaa kama bilauri iliyosimama juu ya sinia, mizizi mingi iko kwenye sentimita 60 tu za juu za udongo, inatandaa pembeni, na inakwenda mbali kuliko kivuli cha matawi, mara mbili mpaka mara tatu ya kivuli ni kawaida tu. Sababu ni hewa. Mzizi unapumua kama kiumbe kingine chochote, na kadiri unavyoshuka chini ya udongo hewa inapungua, kwa hiyo ule unaojitokeza juu umenenepa palepale mizizi inapoishi siku zote. Na chini ya zege la njia ndo panaifaa zaidi mizizi maana kati ya zege na udongo kuna upenyo mdogo wenye hewa, na unyevu unajikusanya pale hautoki upesi, ndo maana njia za kupita kwa miguu zinanyanyuka kila mahali penye miti mikubwa.

Halafu hii habari kwamba mizizi inanusa maji toka mbali. Hainusi. Ncha ya mzizi ni laini, inasogea penye nafasi, ikikuta unyevu na hewa inatawanyika na kunenepa, isipokuta inafia hapo au inabaki nyembamba. Haina uwezo wa kutoboa zege zima. Ikigonga msingi uliomwagwa vizuri inageuka inaufuata ukuta kwa pembeni. Ila ikikuta ufa ambao tayari upo, au kiungio cha bomba kilicholegea, inaingia, na ikishaingia inanenepa mwaka hadi mwaka, na kwenye huko kunenepa ndo kuna nguvu. Nguvu hiyo inatosha kunyanyua vitu vyepesi: njia, ngazi za mlangoni, kibaraza, uzio wa tofali uliojengwa bila msingi wa maana. Nyumba nzima yenye kuta na paa ni mzigo mwingine kabisa, kuinyanyua ni nadra sana.

Sasa kama haiinyanyui, ufa umetoka wapi? Hapa mimi na fundi wote tulikuwa gizani, maana sote tulikuwa tunatazama mzizi na jibu lilikuwa kwenye udongo. Kuna udongo wa mfinyanzi ambao ukipata maji unavimba na ukikauka unasinyaa, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa mpaka unaweza kuingiza mkono. Mti mkubwa unavuta maji mengi sana kwa siku wakati wa joto, na ukivuta kwenye udongo wa namna hiyo karibu na kona ya nyumba, kona ile udongo wake unasinyaa kuliko kona zingine, msingi unakosa pa kukalia, kona inashuka kidogo, ukuta unachanika. Mzizi wala haujagusa nyumba. Uingereza wanaijua sana habari hii, London sehemu kubwa imekaa juu ya mfinyanzi, na ukame wa mwaka 1976 ulipopiga nyumba nyingi zilipasuka na madai ya bima yakapanda sana, na miti iliyokuwa karibu na nyumba ikawa ndo mtuhumiwa mkubwa. Lakini mti uleule ukiuweka kwenye udongo wa kichanga mambo ni tofauti kabisa, kichanga hakisinyai hivo, unaweza kuwa na mti mkubwa karibu na nyumba miaka yote na ukuta hauna hata mkwaruzo.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mizizi jua udongo wako. Sihitaji kukupeleka maabara kwa kuanzia. Chimba nusu mita, chukua udongo ngumi moja, uloweshe kidogo, usokote kwenye viganja kama unasokota kamba. Ukitoka kamba nyembamba ndefu haikatiki, na ukiipinda iwe pete inakubali, una mfinyanzi. Ukimeguka meguka ni kichanga. Wangu ulitoka pete safi, unang'aa, nikajua hapa ndo kwenye kazi.

Kitu kingine ni kuusoma ufa. Ufa wa plasta tu, ule wa kama unywele unaotapakaa huku na huku, huo hauna shida na msingi. Ufa unaotokana na kona kushuka unakwenda mshazari, unapenda kuanzia kwenye pembe za madirisha na milango, kwenye ukuta wa tofali unapanda kama ngazi ukifuata viungio, unaonekana ndani na nje, na mara nyingi ni mpana upande mmoja mwembamba upande mwingine. Milango inaanza kugoma kufungika. Na ukiwa ni wa mti kwenye mfinyanzi una tabia moja ambayo ndo ushahidi mkubwa kuliko mzizi wowote utakaouona uani: unapumua na misimu. Mwisho wa kiangazi unafunguka, mvua zikinyesha unajifunga. Ufa wa bomba lililopasuka au wa udongo uliojazwa vibaya wakati wa kujenga haufuati msimu, wenyewe unazidi tu.

Mhandisi wa majengo aliyekuja kutazama (ndiyo, tulimwita, na nashauri umuite, huyu ndo mtu wa kumsikiliza kuhusu nyumba na mtaalamu wa miti ndo wa kumsikiliza kuhusu mti, usimwachie mmoja aamue yote) alinipa kazi ndogo. Nikapiga alama mbili za penseli huku na huku ya ufa, sehemu tatu, juu katikati na chini, nikawa napima nafasi kati ya alama kila mwezi na kuandika tarehe palepale ukutani. Akaniambia nisizibe. Mi nilishaziba mara mbili huko nyuma, si unajua tena tumekuzwa na ile usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara zote mbili ulirudi palepale na plasta mpya ikabanduka. Ukiziba wakati uko wazi kiangazi, mvua zikija ukuta unataka kurudi mahali pake unakuta umeshauwekea kabari.

Ila swali lililonitoa jasho lilikuwa lingine. Mhandisi aliuliza, "Kipi kilitangulia hapa, mti au nyumba?" Mi nikajibu haraka nyumba, maana siku zote nilijua kwamba mkuyu ulikua na sisi. Baba akasema ngoja. Akaingia ndani akatoka na bahasha ya picha za zamani, kuna moja yeye kasimama kwenye mtaro wa msingi, kijana kabisa kashika koleo, na nyuma yake mkuyu upo, tena si mche, shina lishakuwa nene kama mtungi. Mti ulitangulia nyumba.

Nisikilize vizuri hapa maana hapa ndipo watu wanapobomoa nyumba zao kwa nia njema. Kama nyumba ilitangulia na mti ukaja kupandwa baadaye, udongo ulikuwa na maji yake ya kawaida wakati wa kujenga, mti ukaukausha, ukiukata mti udongo unarudi pale ulipokuwa, na mara nyingi kona iliyoshuka inatulia. Lakini kama mti ulitangulia, nyumba ilijengwa juu ya mfinyanzi ambao tayari ulishakaushwa na kusinyaa. Ukiukata mti huo, maji ambayo ulikuwa unayavuta kila siku yanabaki ardhini, mfinyanzi unaanza kuvimba, taratibu, hauvimbi wiki moja, unaweza kuendelea kwa miaka, na nguvu ya mfinyanzi unaovimba inanyanyua sakafu na kupasua kuta vibaya kuliko kule kushuka kwa mwanzo. Yaani Jumamosi ile ya chenso ingepita kama tulivyopanga, ningekuwa nimetatua ufa wa sarafu nikajiletea ufa wa ngumi. Nilikaa kimya muda mrefu siku hiyo.

Basi tukachimba. Fundi yuleyule alirudi, nampa heshima yake, hakununa wala hakubishana, alichimba kwa makini kuliko nilivyotegemea. Mtaalamu wa miti alikataza sururu na mashine karibu na mti, tulitumia koleo dogo na mikono na maji ya mpira kulainisha udongo ili tuufuate mzizi bila kuuchuna ganda. Kuna watu wana mashine ya kupuliza hewa inayofukua udongo na kuacha mizizi mizima, sisi hatukuwa nayo, ilituchukua siku mbili.

Na ule mzizi wa paja? Ulikwenda moja kwa moja kuelekea ukuta, ukafika kama sentimita 30 kabla ya msingi ukapinda, ukaufuata ukuta kwa pembeni ukatokomea upande wa bustani. Haukugusa nyumba hata kidogo. Fundi akaupigapiga kwa kiganja akasema, "Dada, mi huu ningeukata."

Tatizo tulilikuta mita moja na nusu pembeni, kwenye kona yenyewe, mahali ambapo juu ya ardhi hakuna mzizi wowote unaoonekana. Pale linapita bomba la maji machafu ya bafuni, ya zamani, yale ya udongo wa kuchoma yaliyounganishwa kwa saruji, na kiungio kimoja kimelegea. Udongo pale ulikuwa tope wakati mita moja mbele ni mkavu unakatika vipande. Ndani ya kiungio kulikuwa na mizizi myembamba kama nyuzi, imejisokota imejaza bomba, fundi alivyoivuta ukatoka mkia mmoja mrefu kuliko mkono wangu. Hii ni hadithi ya kila mahali, bomba linavuja kwanza, ndo mizizi inakuja, halafu watu wanasema mizizi imepasua bomba. Mhandisi alituambia nyumba haisumbuliwi sana na udongo mkavu wala udongo wenye maji, inasumbuliwa na udongo mkavu huku na wenye maji kule chini ya ukuta mmoja. Na sisi kona yetu ilikuwa na vyote viwili, mkuyu unavuta upande huu, bomba linamwaga upande ule, na juu yake maji ya paa yalikuwa yanadondokea palepale kwa sababu gata lilishakatika siku nyingi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo nililolifanya miaka sita nyuma ambalo linaniuma mpaka leo na linahusu hapa. Njia ya zege iliyokuwa inapita upande wa pili wa mti ilinyanyuka, nikaona suluhisho ni rahisi, nikaagiza mzizi ukatwe kama mita moja kutoka kwenye shina, mzizi mnene kweli, tukamwaga zege jipya juu. Mwaka wa kwanza hakuna kitu, mti uko kijani, nikajipongeza. Mwaka wa tatu matawi ya upande ule yakaanza kukauka toka ncha. Tulipochimba safari hii mtaalamu alinionyesha pale nilipokatia, mti wa ndani umeoza unachomeka kwa kidole, na kuoza kumeanza kupanda kuelekea kwenye kitako cha shina. Mizizi mikubwa iliyo karibu na shina kazi yake siyo kunywa tu, ndo miguu ya mti, inaushikilia upepo ukivuma, na ukikata mguu mti hauanguki siku hiyo, unaanguka miaka kadhaa baadaye mzizi ukishaoza, siku ya upepo na udongo umelowa, na wakati huo hakuna anayekumbuka kwamba aliukata. Na zege? Lilinyanyuka tena, maana mzizi uliokatwa unatoa mizizi mingi mipya pale kwenye kidonda.

Kwa hiyo hizi hesabu nilizopewa naziandika hapa kwa mtu atakayezihitaji. Pima mzingo wa shina kwenye usawa wa kifua, gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo. Wangu ni sentimita 195, kipenyo 62. Ndani ya mara tatu ya kipenyo kutoka kwenye shina, kwangu sentimita 186, usikate mzizi wowote mkubwa kwa sababu yoyote, hapo ndo kuna miguu. Afadhali ukae nje ya mara sita, kwangu kama mita 3.7, na zaidi ya hapo ni bora zaidi. Mzizi usiozidi sentimita mbili na nusu ukiukata vizuri huko mbali mti unavumilia, kuanzia sentimita tano kaa chini ufikirie na umuulize anayejua. Usikate pande mbili za mti kwa mkupuo. Kata kwa msumeno mkali, mkato mmoja safi, usiuchane kwa shoka wala usiung'oe kwa mashine, usipake rangi wala lami kwenye kidonda, funika kwa gunia bichi mpaka urudishe udongo, na urudishe mapema maana mizizi myembamba inakauka upesi ikikaa juani. Kisha umwagilie.

Tulichofanya. Bomba lote la upande ule tulilitoa tukaweka la plastiki lenye viungio visivyovuja, tukajenga chemba mpya mbali na kona ili likiziba siku nyingine tufungue bila kuchimba. Gata likarudishwa, maji ya paa yakapelekwa upande wa chini wa uwanja. Hivi viwili ndo vimefanya kazi kubwa kuliko vyote, na havina uhusiano na msumeno hata kidogo. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumwambia mtu mwenye mti mkubwa karibu na nyumba ningemwambia akatazame maji yake kwanza, yanakotoka na yanakokwenda.

Halafu tukaweka kizuizi cha mizizi. Hii ni karatasi ngumu ya plastiki nene, inasimamishwa wima ndani ya mtaro kati ya mti na nyumba. Mtaro wetu uko nusu mita kutoka ukutani, ambayo ni mita 3.9 toka kwenye shina, tukapita kwenye ile mara sita kwa tabu. Kina ni sentimita 80 na tuliishia hapo kwa makusudi, kitako cha msingi wetu kiko sentimita 90, na usichimbe kamwe chini ya kitako cha msingi kando ya ukuta, utaiondolea nyumba pa kukalia kwa mikono yako mwenyewe. Tulichimba vipande vifupi vifupi, kipande kikifukiwa ndo tunafungua kingine, hatukuacha mtaro mrefu wazi hata usiku mmoja. Juu ya ardhi tuliacha plastiki itokeze kama sentimita tatu hivi, ukiifukia kabisa mizizi inapita juu yake baada ya miaka miwili mitatu na kazi yote imepotea. Pale karatasi mbili zinapokutana zipishane na zibanwe kabisa, mzizi hauna haraka, utaupata upenyo. Mzizi wa paja haukukatwa, kwa kuwa ulikuwa umepinda ndani ya nafasi ile ilibidi plastiki iishie kabla ya pale ianze tena mbele yake, tukakubali kwamba kipande kile hakina kizuizi. Tulikata mizizi tisa, mnene kuliko yote kama kidole gumba.

Nisikudanganye kuhusu kizuizi. Kwa njia ya zege, kwa bomba, kwa kibaraza kinasaidia sana maana mizizi ya hivyo vitu iko juujuu. Kwa mfinyanzi unaosinyaa chini ya msingi kinasaidia kwa sehemu tu, mizizi inaweza kupita chini yake, na anayekwambia kinamaliza tatizo lote hajui udongo wako.

Ile njia ya zege tuliivunja. Badala yake tuliipindisha ipite mbali na shina, na pale inapovuka mizizi tukamwaga kokoto tu juu, bila kuchimba, ili mizizi ipumue na ikinenepa kokoto zijipange upya. Inapendeza kuliko zege, nasema kweli. Udongo tuliokuwa tumeurundika kwenye kitako cha shina kwa ajili ya maua tukautoa pia, ganda lilishaanza kulainika pale.

Watu wamenishauri mengi katikati ya hii kazi. Kumwaga chumvi kwenye mizizi, kumwaga dizeli, kumwaga mrututu. Usifanye. Chumvi haichagui mzizi, inaua udongo wote, na ikifika kwenye zege inakula nondo za msingi uleule unaojaribu kuuokoa. Wengine wanasema punguza matawi mti utakunywa kidogo. Kupunguza kidogo kwa kuchambua matawi hakuleti tofauti ya maana, majani yanarudi na mti unakunywa kama mwanzo, na ukipunguza mpaka kunywa kupungue kweli itabidi urudie kila baada ya muda mfupi maisha yake yote. Tulikata yale yaliyokauka tu kwa sababu ya lile kosa langu.

Na kuna wakati mti inabidi uondoke kweli, umeoza kitako, umeinama, mhandisi kasema. Basi uondoke, lakini baada ya kujua udongo na kujua kipi kilitangulia, na kisiki kisagwe au kiachwe kioze, kisivutwe kwa trekta kando ya nyumba maana kinaondoka na udongo wa msingi. Chungulia mchwa miaka inayofuata, wanapenda mizizi mikavu na wakimaliza huko wanatafuta mbao za karibu. Kwa anayepanda leo, kwenye mfinyanzi mti unaokunywa sana kama mkaratusi au mkuyu uweke mbali na nyumba angalau urefu utakaoufikia ukishakomaa, mche wa kiunoni unadanganya sana macho.

Ufa wa chumba cha Baba bado upo. Kiangazi kile cha kwanza alama za juu zilisoma milimita 6, mvua zikaurudisha mpaka 3. Kiangazi kilichofuata baada ya bomba na kizuizi ulifika 4.5. Mhandisi amesema tukipita kiangazi kingine bila kuzidi hapo ndo tuuzibe, tena wakati wa mvua. Jana nimepima tena, jua limewaka miezi mitatu mfululizo, Baba ameshika tochi mi nimeshika rula, imesoma 4. Nimeandika tarehe ukutani chini ya zile zingine.